Majani Machungu mu Sufuria ya Shaba

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na mpaka mwaka ule sikuwa nimelala kitandani mchana hata mara moja. Ninaanza hapo kwa sababu hapo ndipo mikono yangu ilipokataa kukunja ngumi.

Jina langu ni Ngoy. Hapa mtaani wananiita jina lingine, nitaeleza lilikotoka. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, mimi nilizaliwa Kolwezi. Kwa mapadri nilifika mwaka wa nne wa shule ya msingi, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Kila nilicho nacho nilikifanya kwa mikono. Ndiyo maana ninaandika habari ya mikono. Na wewe ambaye yako imevimba leo asubuhi na hujui umepatwa na nini, soma mpaka mwisho, usiishie pale utakapoanza kunicheka.

Nilikuwa mtu wa mabirika, yale matangi makubwa ya kiwanda cha shaba tulichokiita hydro. Mawe ya mgodi yanasagwa, unga unamwagiwa asidi, asidi inakula shaba yote iliyomo, maji yanakuwa ya bluu kama shati la mwanafunzi. Halafu umeme wa bwawa la Nzilo unaivuta ile shaba kutoka majini, inatoka karatasi kwa karatasi, nyekundu, inang'aa. Miaka kumi na tano nilisimama juu ya yale mabirika. Ladha yake ilikuwa inakaa ulimini mpaka Jumapili, kama umenyonya ufunguo. Shikeni neno hilo, ladha ya ufunguo, tutalirudia.

Ugonjwa ulinikamata Jumanne moja ya Januari, katikati ya majira ya mvua. Saa tatu asubuhi nilikuwa mzima. Saa sita nilikuwa nimeketi chini, meno yanagongana, na jua linawaka. Nilisema ni maleria, nani asiyesema hivyo? Lakini kesho yake vidole vilivimba. Kesho kutwa vifundo vya mikono, magoti, nyayo. Ngozi ya kifua ikatoka vipele vyekundu. Nilipotaka kusimama nilipinda kama mzee wa miaka tisini, na nilipotaka kulala kila upande wa mwili ulikuwa upande mbaya. Nikakaa, nikasimama, nikatembea mpaka mlangoni, nikarudi. Mke wangu Numbi aliniambia, "Baba Ilunga, unatembea sawa mutu mwenye kupoteza kitu."

Nilimjibu, "Napoteza mwili."

Ilikuwa hivyo. Kifungo cha shati sikuweza kukifunga. Kijiko kilianguka. Numbi alinivisha suruali akiwa amegeuza uso pembeni ili nisione kama ananihurumia, na mimi nikatazama dari ili asione kama nimeona. Ndoa ya miaka kumi na minne, tukaishi wiki nzima tukitazama pembeni.

Tulikwenda hospitali. Benchi la pale nalijua kuliko benchi la kanisa langu. Mara ya kwanza tulikuwa watu wengi na wauguzi sita, tukangoja asubuhi moja. Mara ya pili wauguzi wanne. Mara ya tatu wawili, tukangoja siku nzima, na mtu wa pembeni yangu akasinzia begani kwangu, na bega liliuma sana lakini sikumwamsha, kwa sababu angalau mmoja wetu alikuwa analala. Walikwenda wapi wauguzi wengine? Wengi wao walikuwa Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. Ilikuwa ndiyo miaka ile. Kazi ilikuwa inakufa, mishahara haiji, mitambo inasimama mmoja mmoja, na watu walitafuta mtu wa kumtupia kosa. Wakasema ni Wakasai. Wakawaita bilulu, wadudu. Mtu aliyekuwa jirani yako jana, leo ni mdudu wa kufukuzwa.

Mimi sikusema neno hilo. Sikulikataza pia.

Muuguzi aliyebaki alinichoma kidole, akatazama damu yangu, akarudi na karatasi, akaniita tata, yaani baba. "Tata, maleria hakuna."

"Sasa ni nini?"

"Ni homa ya mbu ingine, ao ni kitu ingine. Hatuna kipimo." Akanipa vidonge vya kinini hata hivyo, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vimebaki kwenye kabati, na vidonge vinne vya kutuliza maumivu vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Viliniziba masikio. Viungo viliendelea vilevile.

Sasa mjue Mama Ntumba. Alikuwa mjane, lupango lake, kiwanja chake cha nyumba, liligusana na langu, kati yetu ua wa majani machungu, yale Wakasai na watu wa Kinshasa wanayoyaita kongobololo. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli zamani za Wazungu. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi kama mimi, Kasai alikuwa hajaiona hata siku moja. Aliuza mikate ya kukaanga mbele ya mlango. Mtoto wetu wa pili, Numbi alimzalia mikononi mwake, mvua ikiwa imekata barabara. Mtu akiwa na homa, tumbo, kikohozi, alikuwa anakwenda kwa Mama Ntumba kwanza, hospitali baadaye. Hakuwa mganga wa kupiga ramli. Alijua majani, basi.

Alinikuta nimeegemea ua, nimeshindwa kwenda mbele na kurudi nyuma.

"Ngoy, hii homa naijua. Mama yangu alikuwa nayo. Inavunja mifupa, halafu inaacha mutu mupole mupole. Sikusemee uongo, haitoke mu siku mbili." Akavunja matawi palepale. "Majani mikono mbili. Malimau tatu. Chemusha, acha ilale, kunywa kikombe asubuhi, kikombe magaribi, siku saba. Na unasikia? Mu nyungu ya udongo. Ya udongo tu."

"Nasikia, mama."

Nilisikia kwa masikio.

Hatukuwa na nyungu ya udongo. Numbi alitaka kwenda kuazima kwa mama wa upande wa pili. Nikamkatalia. Nyungu ya udongo? Nyungu ya udongo ni ya kijijini, ni ya watu waliokuja jana na mizigo kichwani. Mimi ndani ya nyumba yangu nilikuwa na sufuria ya shaba. Niliifanya mwenyewe, kwa karatasi ya shaba iliyotoka kazini, usiniulize ilitoka namna gani. Niliigonga jioni arobaini, kwa nyundo ya mbao, mpaka ikawa duara bila kiungo hata kimoja. Wageni walikuwa wanaonyeshwa ile sufuria kabla ya kuonyeshwa watoto. Tulikuwa tunachemshia maji tu, siku za sikukuu.

"Mama Ntumba alisema udongo," Numbi akasema.

"Mama Ntumba anasema udongo sababu hana shaba."

Ndivyo nilivyosema. Numbi akaiteremsha kutoka ukutani, akapikia humo.

Siku ya kwanza nilikunywa, chungu kama hasira, lakini nikasikia joto linashuka vidoleni, ao nilijidanganya, sijui. Dawa ikabaki ndani ya sufuria, imelala kama alivyosema. Siku ya pili ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na ladha ya ufunguo. Mimi, mtu wa mabirika, miaka kumi na tano, ladha ile naijua kuliko jasho langu, nikajisemea ni homa imeniharibu ulimi. Nikamaliza kikombe. Siku ya tatu nilikunywa vikombe viwili asubuhi, kwa sababu nilitaka kupona haraka nirudi kazini kabla hawajasimamisha birika letu.

Kabla ya saa nne nilikuwa chini ya ukuta, natapika. Natapika maji ya kijani, yenye bluu ndani yake. Tumbo lilijikunja kama kitambaa cha kupangusia. Numbi alipiga kelele, majirani wakaja, na katika majirani akaja shemeki yangu Mwepu, kaka wa Numbi.

Mwepu alikuwa na miaka ishirini na sita, hana kazi, na miezi ile alikuwa amepata kazi ya kutembea na vijana wenzake barabara kwa barabara, kuwaonyesha Wakasai njia ya gare, kituo cha treni. Alisimama juu ya matapishi yangu, akayatazama rangi.

"Nani alikupa hii?"

Sikuweza kujibu. Numbi naye hakujibu, lakini aligeuza macho upande wa ua wa kongobololo. Yalitosha.

"Njo vile!" Mwepu akapaza sauti ili barabara nzima isikie. "Bilulu banatupa sumu kabla ya kwenda! Shemeki yangu, mutu ya kazi, banamuua mu lupango yake!"

Wiki ileile vijana wale waliwatoa Wakasai. Siandiki yote. Watu walibeba magodoro kichwani, cherehani, kuku, picha za ndoa zilizo ndani ya vioo, wakaenda kungojea treni kwenye gare na kwenye shule za karibu, mvua ikiwanyeshea. Mimi niliona kupitia dirishani, nimesimama kwa sababu kukaa kuliuma, halafu nimekaa kwa sababu kusimama kuliuma. Mama Ntumba alipita mbele ya mlango wetu na dada yake mdogo. Hakugeuka. Vijana wanne walimfuata nyuma, na mmoja alikuwa Mwepu.

Siku mbili baadaye nilipata nguvu ya kufika jikoni. Numbi alikuwa ameimwaga dawa, akaisuuza sufuria kwa maji, akaitundika mahali pake. Niliitazama ndani.

Nje ilikuwa nyeusinyeusi kama siku zote, rangi ya shaba iliyozeeka. Ndani iling'aa. Ilikuwa ya waridi, safi, kama karatasi iliyotoka kwenye birika asubuhi ileile. Na pale dawa ilipoishia kulikuwa na mstari, juu yake nyeusi, chini yake waridi.

"Uliisugua?" nikauliza.

"Na nini? Sabuni tangu lini tuko nayo?"

Nilikaa chini. Malimau matatu. Limau ni asidi. Asidi inakula shaba. Mtoto wa Kolwezi wa miaka saba anajua hilo, na mimi ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nimejenga kiwanda kidogo jikoni kwangu, nikalaza shaba ndani ya asidi siku tatu, nikaivuta kwa tumbo langu badala ya umeme wa Nzilo.

Numbi aliniangalia uso akaelewa. Hana shule zaidi yangu, ila anaelewa haraka kuliko mimi.

"Haikuwe majani," akasema.

"Nyamaza kwanza."

Na hapa, msomaji, ndipo ninapotaka usinihurumie. Nilinyamaza siku tisa. Si kwa sababu ya viungo. Viungo viliuma, lakini mdomo ulikuwa mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilijiuliza nitasema nini mbele ya watu wa birika langu, kwamba Ngoy, aliyefundisha wengine namna ya kuvaa glavu, amejitilia sumu kwa sufuria yake ya maonyesho. Nilijisemea pia kwamba Mama Ntumba anakwenda hata hivyo, neno langu halitamrudisha nyumbani. Nilizunguka nyumba na mawazo hayo, mlango na dirisha, dirisha na mlango, mpaka sakafu ikawa na njia.

Siku ya tisa Numbi alirudi kutoka sokoni, hakuvua hata kitenge cha kichwani.

"Treni mbili zilishaka kwenda. Dada ya Mama Ntumba alienda na ya kwanza. Yeye banamukatalia kupanda. Banasema mutu wa sumu hawezi kupanda na bengine, banapashwa kumuhukumu bao benyewe. Analala chini pa simenti, mu depo ya mizigo. Baba Ilunga, wewe njo utasema ao miye njo nitasema?"

"Ndugu yako njo eko kule."

"Ndugu yangu njo eko kule. Na mutoto wetu, nani alimupokea?"

Nilimwambia alete kinga. Kinga ni baiskeli yangu, nyeusi, ya Kichina. Sikuweza kukanyaga wala kushika usukani. Numbi alinikalisha nyuma, juu ya kiti cha mizigo, akasukuma. Sufuria ilikuwa mapajani kwangu, limau moja na kisu mfukoni, chumvi kidogo kwenye karatasi. Barabara ya gare ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo nilililipia kwa magoti. Watu waliotupita walicheka kuona mwanaume anasukumwa na mke wake kama gunia la makala, makaa ya kupikia. Niliwaacha. Nilijua bado hawajacheka.

Pale gare sikuweza kuhesabu watu. Moshi wa majiko ya makala, watoto wanakohoa, mabehewa ya mizigo yamefunguliwa milango, yanajaa. Ilikuwa treni ya tatu. Depo ilikuwa mwisho, na mlangoni vijana watatu, Mwepu akiwa wa kati.

"Shemeki! Ulipona! Ulikuja kumuona mutu wa sumu?"

"Nilikuja kusema. Ita benzako."

Waliitana. Watu wengine wakasogea, Wakasai na wasio Wakasai, kwa sababu kwenye kungoja watu wanasogelea chochote. Ndani ya depo nilimwona Mama Ntumba ameketi juu ya kifurushi, mgongo umenyooka, anatazama ukuta. Alikuwa amekonda.

Nikamwambia Numbi ashike sufuria juu, waone. Nilitaka kukata limau mwenyewe, vidole vikakataa, kisu kikaanguka. Numbi akakata. Nikabana nusu ya limau kati ya viganja viwili, kama mtoto anavyoshika kikombe, nikaitia chumvi, nikaisugua upande wa nje wa sufuria, ule mweusi. Alama ikatoka palepale, ya waridi, kubwa kama kiganja.

"Bote muko batoto ba Kolwezi," nikasema. "Hii ni nini?"

Mzee mmoja wa reli akajibu kutoka nyuma, "Limau inakula shaba. Nani haijui?"

"Mi sikuijua," nikasema. "Mi Ngoy, wa mabirika. Mama huyu alinipa majani na malimau. Aliniambia nipike mu nyungu ya udongo. Miye nikaona haya kupika mu udongo. Nikapika humu, ikalala siku tatu, nikakunywa shaba. Hakunipa sumu. Sumu niliipika miye mwenyewe."

Sauti moja ikatoka, ya mwanamke aliyekuwa amebeba kuku, "Anh! Tata ya hydro alijielektrolize, alivuta shaba na tumbo!"

Kicheko kilianza kwake kikaenda mpaka kwenye mabehewa. Walicheka watu waliofukuzwa, wakacheka waliowafukuza. Sijawahi kusikia tena kicheko kama kile, watu wa pande mbili wakicheka kitu kimoja, na kitu hicho ni mimi. "Tata Sufuria!" mmoja akaita. "Tata Sufuria, leo munapika nini?" Ndilo jina langu mpaka leo. Wajukuu wangu wakitumwa dukani wanasema ni wa kwa Tata Sufuria.

Mwepu hakucheka. Alinikaribia akasema chini chini, "Shemeki, unanifanya haya mbele ya batu."

"Haya ni yangu. Wewe chukua kidogo."

"Unasimama na bilulu?"

Nikamwonyesha vifundo vya mikono yangu. "Kilulu iliniuma miye ni imbu, Mwepu. Iko mu nyumba ya kila mutu hapa, na hakuna hata mumoja wenu aliyeifukuza."

Alitaka kusema, lakini wenzake walikuwa bado wanacheka, na mtu hawezi kufanya hukumu ya sumu mahali watu wanapocheka. Mkubwa wao akapunga mkono. "Aende, aende. Treni inajaa."

Mama Ntumba alitoka na kifurushi chake. Alisimama mbele yangu.

"Ngoy, nilikuambia udongo."

"Nilisikia, mama."

"Hukusikia." Alinishika kifundo cha mkono, palepale panapouma. Sikuuvuta. "Bado iko na moto. Itakaa. Mwaka moja, pengine mbili. Rudilia dawa, siku saba, pumuzika, siku saba. Malimau tatu, hapana ine. Majani yangu inashika kwa tawi, inaota. Kata mu lupango yangu kabla ya batu kuyangoa. Usiombe mutu ruhusa, miye njo nakupa."

"Mama, siku tisa nilikuwa najua."

Aliniachia mkono. Hakusema kwamba ni sawa, na ninamheshimu kwa hilo. Akasema, "Dada yangu alienda peke yake," akapanda. Numbi alimpitishia kifurushi. Treni ilichelewa kuondoka, kama treni zetu zote, na tulisimama pale saa nzima, yeye ndani ya giza la behewa, sisi juani. Ndivyo tulivyoagana.

Jioni ileile Numbi alikata matawi kumi na moja kutoka lupango la Mama Ntumba, akayapanda kwetu. Siku tatu baadaye watu wengine walihamia mle, wakang'oa ua wakajenga ukuta.

Ugonjwa ulikaa kama alivyosema. Kiangazi kilipofika nilitembea bila fimbo, lakini asubuhi mikono ilikuwa inafunguka polepole kama mlango wenye kutu, mpaka saa nne ndipo naweza kushika jembe. Mvua iliporudi, maumivu nayo yalirudi. Birika letu lilisimama na halikuamka tena. Nilichoma makala, nilibeba mchanga, nilikwenda Fungurume na Mutoshi kununua na kuuza. Mwezi ambao sikuweza kufunga kifungo, Numbi alifunga, na sasa alikuwa ananitazama usoni. Hiyo nayo ni dawa, iandikeni. Numbi alinunua nyungu ya udongo kutoka kwa mama wa Lualaba, nikanywa siku saba, nikapumzika siku saba, misimu miwili ya mvua. Msimu wa tatu niligundua nimeshona kiatu mchana mzima bila kufikiria mikono. Nilisimama nikaizunguka nyumba, safari hii kwa furaha.

Mwepu alichelewa miaka minne kuja nyumbani. Alipokuja, alikuwa na homa. Numbi alimpikia. Alikunywa bila kuuliza majani ya nani.

Miaka mingi imepita. Karibuni alikuja binti mmoja wa chuo kikuu, kutoka Lubumbashi, na daftari na mifuko ya plastiki, anakusanya majani ambayo watu wanatumia kwa homa. Nilimweleza viungo, vipele, miaka miwili. Akasema inafanana na homa ya mbu inayoitwa chikungunya, lakini bila damu ya siku ile hawezi kuapa. Akasema wanachukua maji ya majani wanayaweka kwenye vioo pamoja na kijidudu cha homa hiyo, na kuna majani yanayokizuia ndani ya kioo, lakini kutoka kioo mpaka ndani ya mtu njia bado ni ndefu, dawa yenyewe haijapatikana.

"Sasa miye nilipona na nini?"

"Pengine majani, tata. Pengine wakati. Pengine mwili wenu tu. Sitaki kuwadanganya."

Lilinikera jibu lile. Nililala nalo, asubuhi nikaliona ni zuri. Kwa hiyo nami sikudanganyi wewe uliyevimba mikono. Nenda upimwe damu, usikae na majani tu nyumbani, kwa sababu maleria inaua mtu anayebishana. Kunywa maji. Lala ndani ya chandarua mchana pia, kwa kuwa mbu wa homa hii anauma mchana. Mtu akikupa majani, uliza mara mbili kiasi gani, na siku ngapi.

Halafu yule binti akageuza ukurasa akauliza swali lake la mwisho, "Na mulipikia mu chombo gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Muuguzi hakuuliza, Mwepu hakuuliza. Kama Mwepu angeuliza siku ile, juu ya matapishi yangu, dada wawili wangepanda treni moja. Nilimwambia yote, na ndipo nikatafuta kalamu.

Sijui kama Mama Ntumba alifika Kasai. Niliuliza madereva wa malori, niliuliza watu waliorudi. Majina ya Ntumba ni mengi kule.

Leo nina nyumba ya matofali yenye vyumba vinne, niliyoijenga mwenyewe. Nina mashine ya kusaga mahindi, inafanya kazi. Kinga ileile, kiti cha mizigo kimebadilishwa. Mbuzi watano. Mke mmoja, Numbi, mwenye kisukari kidogo na ulimi mrefu. Watoto sita, hai wote. Mikono miwili inayokunja ngumi, wa kushoto si kabisa. Nyungu za udongo, tatu. Sufuria ya shaba, moja, iko ukutani, nyeusi yote isipokuwa alama ya kiganja ambayo kila mwaka naisugua limau ili isififie.

Na nyuma ya nyumba kuna mstari wa kongobololo, mashina kumi na moja. Hayo siyaandiki pamoja na yangu. Ni ya Mama Ntumba, namchungia.